Mjadala: Ruzuku iishie kwenye mfuko wa mbolea, au inunue pia desmodiamu na chokaa?

Nawauliza wenzangu wa Vihiga, Kakamega, Busia na Siaya, huku magharibi mwa Kenya: kwa nini pesa za ruzuku ya serikali ziende kwa mfuko wa mbolea wa shilingi 2,500? Mimi nasema sehemu yake inunue mbegu ya desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, na chokaa ya kupunguza asidi ya udongo, kwa kila anayepanda napia ya mifugo au mahindi.

Juzi niling'oa shina la desmodiamu kati ya mistari ya napia, nikaosha mizizi kwenye karai. Ilikuwa na vinundu vidogo vidogo vya mviringo. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani nikakuta wekundu kama wa nyama mbichi. Rangi hiyo ni dalili kwamba bakteria waitwao raizobia wako kazini wakivuta naitrojeni ya hewani.

Sasa raizobia hawafanyi kazi bila fosforasi, na udongo wetu mwekundu, wenye chuma na alumini nyingi, huifungia fosforasi hata ukiinunua dukani. Hapo ndipo wanapoingia kuvu waitwao maikoriza. Huishi ndani ya mizizi na kutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya mahali mzizi wenyewe haufiki na kurudi na fosforasi. Mmea huwalipa sukari. Napia, mahindi na brakiaria (malisho mengine ya mifugo) zote ni nyasi, na zote zina ubia huo, sawa na desmodiamu. Lakini fosforasi ya mfuko wa mbolea ikizidi, mmea hupunguza ubia. Ukipindua udongo kila msimu, nyuzi hukatika. DAP nayo, mbolea ya kupandia, mwaka baada ya mwaka huzidisha asidi.

Jambo linaloniuma zaidi ni kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mahindi yakiwa na njaa ya fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni ili kuwaita kuvu. Mbegu ya kayongo, inayoweza kulala ardhini miaka mingi, huusikia wito huohuo ikaamka na kujishika kwenye mzizi. Yaani mmea unaita msaada, anakuja mwizi! Desmodiamu huziamsha mbegu hizo kisha huzizuia zisijishike. Wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita walijenga mfumo wa push-pull (sukuma-vuta: desmodiamu kati ya mahindi hufukuza wadudu, nyasi za pembeni huwavuta) juu ya kunde hii tangu miaka ya 1990. Uchunguzi uliochapishwa 2021 kuhusu mashamba ya mfumo huo huku magharibi ulionyesha kwamba udongo wake umebadilika, na kuvu wamebadilika zaidi kuliko bakteria.

Mfugaji, Bungoma: Ndugu, nimekusoma hadi mwisho, ila ng'ombe wangu wanakula leo. Nina robo eka. Desmodiamu ilichukua msimu mzima kutambaa, mimi na binti yangu tukipalilia kwa mikono, maana magugu yakiifunika imekwisha. Mbegu yenyewe ni ghali. Nilipotia CAN, mbolea ya naitrojeni, napia iliinuka nikiiona. Na ule ugonjwa wa kudumaa kwa napia, hao kuvu wako waliuzuia? Mimi niling'oa mashina yote nikaanza upya.

Mwalimu wa kilimo, Nakuru: Mama ana haki. Kudumaa kwa napia huletwa na fitoplazma, aina ya bakteria wadogo sana wanaoishi ndani ya mmea, na husambazwa na mdudu anayefyonza utomvu pamoja na vipandikizi vilivyoambukizwa. Maikoriza si dawa yake. Dawa ni kupanda vipandikizi safi na kung'oa vilivyougua. Pia tusiwaambie watu kwamba kunde huipa nyasi naitrojeni papo hapo. Nyingi hufika baada ya majani, mizizi na vinundu kuoza. Kwamba kuvu huipitisha moja kwa moja kutoka mzizi hadi mzizi, wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani. Na ukikata napia kila mara ukapeleka zizini, samadi isirudi shambani, hata desmodiamu haitalipa deni hilo.

Mwanzisha mada: Mwalimu, nakubali yote mawili, na la samadi nilipaswa kulisema mimi. Mama, sikuambii uache CAN yako. Ninachopinga ni serikali kukupa njia moja tu, kisha mzigo wa ile nyingine ukabebwa na wewe na binti yako kwa mikono mitupu. Ule msimu wa kwanza wa kupalilia ndio ruzuku inapaswa kuugharamia, kwa sababu ikishashika, desmodiamu hufunika ardhi yenyewe na kukaa miaka. Chokaa nayo ije kabla ya mbegu, udongo upimwe kwanza.

Kuhusu bei ya mbegu, desmodiamu huota pia kwa vipande vya kamba zake. Mvua ya Machi ikishika vizuri nitakata za kwangu. Anza na mstari mmoja kati ya napia, palilia huo tu, na baada ya miezi michache ng'oa shina moja upasue kinundu. Ukikuta ndani ni cheupe, njoo uniambie hapa hapa.