Nchi zenye Waislamu wengi: orodha sahihi ni ya nchi 46, 50 au 57?

ramani_ukutani

Habari za humu wakuu. Naandaa ramani kubwa ya ukutani pamoja na jedwali lake kwa wanafunzi wa sekondari, kuonyesha nchi ambazo zaidi ya nusu ya watu wake ni Waislamu. Kinachonikwamisha ni idadi. Orodha moja ina nchi 57, nyingine 50, nyingine inaishia 46, na hakuna hata moja inayoeleza imehesabu vipi. Nigeria imo kwenye mbili, kwenye ya tatu haimo. Uganda imo kwenye ile ya 57, jambo ambalo haliniingii akilini kabisa. Mwenye ujuzi naomba anielekeze: nianzie wapi, ipi niiweke na ipi niitoe, na kwa hoja gani? Mwanafunzi akiuliza "mbona hii haipo?" nataka jibu liwepo.

hesabu_kwanza

Mkuu, hiyo 57 si idadi ya nchi zenye Waislamu wengi. Ni idadi ya wanachama wa OIC, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, iliyoasisiwa Rabat mwaka 1969 na yenye makao makuu Jeddah. Serikali hujiunga nayo kwa uamuzi wa kisiasa, na sharti la kuwa na Waislamu wengi liliwekwa kwa wanachama wapya tu, katika mkataba wake wa 2008. Uganda iliingia mwaka 1974 enzi za Idi Amin, na sensa yake ya 2014 ilikuta Waislamu ni karibu 14 tu katika kila watu 100.

Hata hivyo orodha ya OIC inafaa sana kuanzia, kwa sababu unaweza kuichambua hatua kwa hatua na kila hatua ukaitolea sababu. Kwanza toa nchi 11 ambazo ama Waislamu hawafiki nusu, ama hakuna hesabu ya kuthibitisha kuwa wanafika: Benin, Gabon, Guinea-Bissau, Guyana, Kameruni, Kodivaa, Msumbiji, Nigeria, Surinam, Togo na Uganda. Zinabaki 46. Kisha iweke Palestina kwenye fungu la pembeni, kwa kuwa katika Umoja wa Mataifa bado ni mtazamaji na si mwanachama kamili. Zinabaki 45. Mwisho ongeza Bosnia na Herzegovina, ambayo ndani ya OIC ni mtazamaji tu lakini sensa yake inaivusha nusu. Umerudi kwenye 46. Hapo ndipo wengi huteleza: 46 ya katikati na 46 ya mwisho si nchi zilezile, moja ina Palestina na nyingine ina Bosnia.

Hizo 46 za mwisho zote ni wanachama kamili wa Umoja wa Mataifa. Afrika zipo 18: Algeria, Burkina Faso, Chad, Gambia, Guinea, Jibuti, Komoro, Libya, Mali, Mauritania, Misri, Moroko, Niger, Senegal, Sierra Leone, Somalia, Sudan na Tunisia. Asia zipo 26: Afghanistan, Azerbaijan, Bahrain, Bangladesh, Brunei, Falme za Kiarabu, Indonesia, Irak, Iran, Jordan, Kazakhstan, Kirgizia, Kuwait, Lebanoni, Malaysia, Maldivi, Oman, Pakistan, Qatar, Saudia, Syria, Tajikistan, Turkmenistan, Uturuki, Uzbekistan na Yemen. Ulaya ni mbili tu, Albania na Bosnia.

Ile 50 unaipata ukiongeza mafungu mawili madogo. La kwanza ni Palestina na Kosovo, ambazo Waislamu ni wengi bila ubishi ila hadhi yao katika Umoja wa Mataifa ndiyo yenye mjadala. La pili ni Nigeria na Eritrea, ambazo hadhi yao haina tatizo ila idadi ya Waislamu ndiyo yenye mjadala. Nakushauri usiyachanganye mafungu haya. Yape alama mbili tofauti kwenye jedwali, maana sababu zake ni tofauti kabisa.

swali_la_dini

Uchambuzi wa hapo juu umekaa sawa. Naongezea upande wa ushahidi, kwa sababu si kila asilimia unayoiona imetoka kwenye sensa.

Kabla ya kuandika namba yoyote, uliza maswali matatu: nchi hiyo iliuliza dini kwenye sensa? Mwaka gani? Na waliohesabiwa ni raia peke yao au wakazi wote?

Nigeria haijauliza dini tangu sensa ya 1963, ambayo ilikuta Waislamu asilimia 47 na Wakristo asilimia 34. Sensa ya 2006 ililiacha swali hilo kwa makusudi, kwa kuwa ugawaji wa madaraka na fedha baina ya kaskazini na kusini ungeingia kwenye ugomvi. Kila namba ya Nigeria unayoiona leo ni makadirio kutoka tafiti za sampuli, na matokeo yake hupanda juu ya nusu au hushuka chini kutegemea nani aliuliza na kwa njia gani. Eritrea nayo ni makadirio matupu. Lebanoni ndiyo ya kushangaza zaidi: sensa yake ya mwisho rasmi ni ya 1932, na tangu hapo hakuna serikali iliyothubutu kurudia, kwa kuwa viti vya bunge na vyeo vikuu vimegawanywa kwa madhehebu. Makadirio karibu yote yanaiweka juu ya nusu, kwa hiyo ibaki kwenye orodha, ila iandikie "makadirio".

Sasa angalia zile za mpakani. Bosnia, sensa ya 2013, Waislamu ni asilimia 50.7. Hapo hakuna nafasi ya kukosea hata kidogo, na uongozi wa Republika Srpska, sehemu ya Waserbia ndani ya Bosnia, uliyakataa matokeo yenyewe kwa kupinga namna wakazi walivyohesabiwa. Albania ni ngumu zaidi, na ningependa uitumie darasani kama mfano. Sensa yake ya 2023 inawaandika Waislamu kwenye mstari mmoja (karibu asilimia 46) na Wabektashi, wafuasi wa tarika ya Kisufi, kwenye mstari mwingine (karibu asilimia 5). Ukisoma mstari wa kwanza pekee, Albania inatoka kwenye orodha. Ukijumlisha yote miwili, inavuka nusu kwa shida. Lakini karibu watu 16 katika kila 100 hawakujibu swali la dini. Ukigawanya kwa waliojibu peke yao, Waislamu pamoja na Wabektashi wanafika karibu asilimia 60. Sensa ni moja, majibu matatu, na hakuna aliyedanganya. Chagua kanuni moja ya kigawanyo na uifuate kwa nchi zote, ukiiandika chini ya jedwali.

Ghuba nako kuna mtego wake. Qatar na Falme za Kiarabu, wageni ni karibu 9 katika kila wakazi 10. Raia karibu wote ni Waislamu, ila ukihesabu wakazi wote asilimia inashuka chini ya 80, kwa sababu wafanyakazi wengi ni Wahindu kutoka India na Nepal na Wakristo kutoka Ufilipino. Hata Saudia, sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na zaidi ya 41 katika kila 100 si raia. Vitabu vingi huandika "asilimia 100" au "99" bila kusema ni ya raia.

ramani_ukutani

Shukrani sana wakuu, hii ya Albania naipeleka darasani kama ilivyo. Maswali mawili ya nyongeza. Moja, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote ni Indonesia au Pakistan? Nimekuta majibu yote mawili. Pili, wanafunzi lazima wataulizia Tanzania na Zanzibar.

mwaka_wa_sensa

Kwa hesabu za mwaka 2023 Indonesia ilikuwa mbele, lakini kwa pengo dogo linaloendelea kupungua. Waliokuambia Pakistan huenda wamelinganisha miaka isiyolingana. Indonesia, sensa ya 2010: watu milioni 237.6, Waislamu asilimia 87.2, yaani milioni 207. Pakistan, sensa ya 2023: watu milioni 241.5, Waislamu asilimia 96.35, yaani karibu milioni 233. Ukiziweka namba hizo pamoja Pakistan inaonekana kushinda kwa milioni 26, kumbe kati ya hesabu hizo mbili Indonesia imeongeza watu kwa miaka 13. Ipeleke Indonesia hadi mwaka 2023, ikiwa na watu wapatao milioni 280, na Waislamu wake wanazidi milioni 240. Kwa vile Pakistan inakua kwa kasi kubwa zaidi, asilimia 2.55 kwa mwaka kati ya sensa ya 2017 na ya 2023, nafasi ya kwanza inaelekea kubadilika. Andika mwaka mbele ya kila namba, na usilinganishe nchi mbili kabla ya kuzileta mwaka mmoja.

India usiisahau kwenye maelezo, ingawa haimo kwenye orodha. Sensa ya 2011 ilikuta Waislamu milioni 172, asilimia 14.2 tu ya watu wote, ilhali idadi hiyo inazizidi nchi zote 46 isipokuwa Indonesia na Pakistan. "Nchi yenye Waislamu wengi" na "nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu" ni mambo mawili, na kichwa cha ramani yako kiseme wazi ni lipi.

Tanzania: swali la dini halijaulizwa kwenye sensa baada ya ile ya 1967, kwa hiyo haimo, na asilimia yoyote utakayoletewa ni makadirio. Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu, lakini orodha ni ya dola, na Zanzibar ni sehemu ya Muungano. Iliwahi kujiunga na OIC kisha ikajitoa mwaka 1993 baada ya mvutano wa kikatiba, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Mayotte nayo ni hivyohivyo: Waislamu ni wengi, lakini ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011. Ukitaka kuyaonyesha maeneo ya namna hii, yachore kwa mistari ya mshazari, usiyape rangi ya nchi.

katiba_na_dola

Naomba safu mbili ziongezwe kwenye jedwali, maana wanafunzi huchanganya mno: "Jumuiya ya Nchi za Kiarabu" (ndiyo au hapana) na "dini ya dola".

Jumuiya hiyo ina wanachama 22. Ukiitoa Palestina wanabaki 21, na wote wamo kwenye zile 46. Maana yake nchi 25, zaidi ya nusu ya orodha, haziko humo: Iran, Uturuki, Pakistan, Indonesia, Senegal na nyinginezo. Komoro na Somalia ni wanachama, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kwenye dini ya dola usikisie kwa kuangalia asilimia. Senegal Waislamu ni zaidi ya asilimia 90, katiba yake inasema jamhuri haina dini, na rais wake wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, alikuwa Mkatoliki aliyeongoza kuanzia 1960 hadi 1980. Uturuki iliondoa kifungu cha dini ya dola mwaka 1928. Indonesia haina dini ya dola, inatambua sita. Malaysia, yenye Waislamu asilimia 63.5 kwa sensa ya 2020, inautaja Uislamu kuwa dini ya Shirikisho katika kifungu cha 3. Maldivi inakwenda mbali zaidi, katiba ya 2008 hairuhusu asiye Mwislamu kuwa raia. Na jina huweza kubadilika: Gambia ilitangazwa jamhuri ya Kiislamu Desemba 2015, ikaacha jina hilo Januari 2017 baada ya Adama Barrow kuingia madarakani. Vitabu vilivyochapwa kati ya miezi hiyo bado vinazunguka.

hesabu_kwanza

Nimalizie na uchoraji, kwa sababu hata data safi huharibiwa na ramani. Ukipaka rangi kwa asilimia tu, Algeria, Libya, Mali na Niger zitatawala karatasi nzima kwa ukubwa wa jangwa, na Bangladesh yenye watu takriban milioni 170 itaonekana kama doa. Paka rangi kwa ngazi nne (50 hadi 60, 60 hadi 75, 75 hadi 90, zaidi ya 90), kisha juu yake weka duara linaloonyesha idadi ya Waislamu.

Duara lipimwe kwa eneo, si kwa upana. Chagua nusu-kipenyo cha milimita 20 kwa milioni 240. Kwa nchi nyingine gawanya idadi yake kwa 240, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 20. Milioni 60 inapata milimita 10, Moroko yenye milioni 37 inapata karibu milimita 8, milioni 2.4 inapata 2. Ukikosea ukapima upana moja kwa moja, milioni 60 itapewa milimita 5 na eneo lake litakuwa moja ya kumi na sita ya lile kubwa badala ya robo. Maldivi na Brunei zitatoka chini ya milimita 1; hizo zipe nukta ya milimita 1.5 na uandike kwenye ufunguo kwamba nukta hiyo haiko kwenye kipimo.

Ngazi ya kwanza ndiyo utakayoirekebisha mara kwa mara. Bosnia na Albania zimo humo, na Chad nayo iko hapohapo. Hizo zichore kwa penseli ya rangi.