Kidonda cha sikio la Baba Mdogo

Mama Daudi: Habari za jioni ndugu zangu. Baba Daudi hataki niseme, ila mimi nasema. Kile kidonda cha juu ya sikio hakijapona tangu Pasaka. Kinafunga, kinapasuka tena. Kila asubuhi nafua foronya ina damu. [picha]

Shangazi Debora: Yesu wangu! Si kilikuwa kigaga tu hicho?

Mama Daudi: Ndicho wifi. Kimekua.

Baba Mdogo Elia: Hamjambo wote. Ni kofia inakisugua. Tumalize kuvuna alizeti kwanza, halafu nitapita zahanati.

Upendo: Babu shikamoo, Shangazi shikamoo, Baba Mdogo na Mama Mdogo shikamooni. Nimetoka zamu hospitali sasa hivi nikakuta picha. Baba Mdogo, naomba usome mpaka mwisho kabla hujajibu.

Upendo: Ngozi ya mtu mwenye ualbino kama wewe haina ile rangi inayozuia mionzi ya jua. Jua linaiharibu kidogo kidogo tangu utotoni. Huanza magaga: masikioni, shingoni, mdomo wa chini, migongo ya mikono. Magaga yakiwahiwa yanagandishwa kwa naitrojeni, ile ya baridi kali, yanabanduka na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila likishakuwa kidonda kisichopona, kinatoa damu na kingo zimeinuka kama hicho cha pichani, lazima wakate kinyama kidogo wakapime maabara.

Upendo: Sisemi ni saratani, picha haipimi. Nasema kidonda cha kofia hakikai tangu Pasaka.

Shangazi Debora: Upendo mwanangu, kuna mama huku kwetu ana dawa ya majani, imeponya vidonda vya watu. Asipake hata wiki moja huku akijiandaa?

Upendo: Hapana Shangazi, nakuomba sana. Majani yanaweza kukausha juu huku chini kinaendelea kula. Wodini tunapokea watu waliozungushwa na majani hadi kimeingia mfupani. Hawa wangewahi, wangeondoka na mshono mdogo tu, wa ganzi ya sehemu moja.

Upendo: Mama Mdogo, hebu mpapase nyuma ya sikio ushuke mpaka shingoni. Kuna mitoki?

Mama Daudi: Nimempapasa sasa hivi, pande zote mbili. Hakuna kitu.

Upendo: Mungu ni mwema. Basi tumpeleke sasa, kikiwa bado kiko hapo hapo kilipoanzia.

Yona: Dada Upendo, na sisi weusi je? Mimi niko juu ya bodaboda Dodoma kutwa nzima.

Upendo: Rangi yako inakukinga sana Yona, kwako jua siyo hatari kama kwa Baba Mdogo. Ila saratani ya ngozi inatupata na sisi, na mara nyingi kusipopigwa na jua: nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley alifariki 1981 akiwa na miaka 36, na yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ukiona mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unapanuka, au doa jeusi kwenye unyayo linabadilika, onyesha. Na waambie dada zetu waache mkorogo, ile rangi wanayoichubua ndiyo kinga yenyewe.

Babu: Elia mwanangu. Nimesomewa yote. Ulipokuwa mdogo mama yako alikufunga kanga kichwani mpaka shuleni, watu wakasema wee, hakuifungua. Alizeti itavunwa na wengine. Wewe shambani usionekane tena mpaka umetibiwa.

Baba Mdogo Elia: Sawa baba. Ila heka tatu atavuna nani?

Yona: Mimi Baba Mdogo. Nakuja Ijumaa na vijana wawili wa kijiweni.

Shangazi Debora: Na mimi natuma nauli. Natuma kwa Mama Daudi.

Upendo: Asanteni jamani. Mpango uwe hivi: kesho hospitali ya mkoa, aonwe na apewe barua ya rufaa. Wakimpa rufaa ya hospitali ya KCMC mnakuja huku Moshi, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi chenye madaktari wanaoona vidonda hivi kila siku. Mtafikia kwangu. Beba kadi ya bima.

Upendo: Na kofia Baba Mdogo. Kapelo inakinga paji la uso tu, masikio na shingo yako nje. Vaa pama lenye ukingo mpana kuzunguka kote, shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito, ukilinyoosha juani mwanga usipenye. Saa nne mpaka saa kumi jua ni kali mno, hata kukiwa na mawingu. Safari yenyewe ombeni siti ya upande wa kivuli.

Mama Daudi: Na mafuta? Yale ya mwaka jana yaliisha, anapaka ya nazi.

Upendo: Ya nazi yanalainisha tu, hayazuii jua. Anahitaji mafuta ya kukinga jua, SPF (ile namba ya nguvu ya kukinga) iwe 30 kwenda juu. Kuna yanayotengenezwa hapa hapa KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanaitwa Kilisun, tutayaulizia kliniki. Apake nusu saa kabla ya kutoka, arudie kila baada ya saa mbili, asisahau masikio na midomo. Na kidonda chenyewe asikipake chochote, afunike na shashi safi tu.

Baba Mdogo Elia: Upendo, watanikata sikio?

Upendo: Sijui mpaka wapime, Baba Mdogo. Wakikata sasa wanakata kidogo. Nitaingia na wewe chumbani, nitakuwa nimekushika mkono.

Baba Mdogo Elia: Haya. Mama Daudi ameshatoa ile barua ya kliniki ya zamani kwenye sanduku. Saa kumi na mbili asubuhi tuko njiani.

Babu: Vaa pama langu. Mtoto ataleta usiku huu.