Uxmal au Copán: nakshi za Wamaya, niende wapi?

Mwashi wa Pwani: Wakuu, nina siku nne na nauli ya sehemu moja tu: Uxmal kule Yucatán, Mexico, au Copán, Honduras. Zote mbili ni magofu ya miji ya kale ya Wamaya, wenyeji wa asili wa pande hizo. Urefu wa piramidi haunihusu. Nataka nakshi za kuchungulia kwa karibu. Mliofika, semeni.

Kipimamaji: Uxmal, usijisumbue kufikiri. Jumba la Gavana lina urefu unaokaribia mita 100. Ukuta wa chini ni mtupu, juu nakshi zimejaa. Sura za Chaac, mungu wa mvua, zimefuatana na pua zimejikunja kama mkonga wa tembo. Nenda asubuhi, jua likianza kupanda, kila pua inaangusha kivuli chake ukutani.

Bi Patasi: Hizo pua ni vipande vilivyochongwa kimoja kimoja vikapachikwa, Kipimamaji. Kazi ya kupanga, nzuri, sikatai. Copán mtu amechonga. Jiwe lao ni majivu ya volkano yaliyogandamana, halina ubishi na patasi, ndiyo maana wafalme waliochongwa kwenye zile nguzo za mawe zilizosimamishwa uwanjani wamejitokeza karibu wazima, mikono kifuani. Halafu kuna ngazi yenye alama za maandishi zaidi ya 2,000.

Kipimamaji: Ngazi iliyopangwa ovyo!

Bi Patasi: Ndiyo, daraja nyingi zilikuwa zimeporomoka, na waliozirudisha miaka ya 1930 hawakuweza kusoma maandishi yale. Mimi pia siyasomi. Naangalia mkono wa fundi.

Mzee Chokaa: Mnagombania jiwe, lipu mmeisahau. Wamaya walichoma mawe ya chokaa kama sisi tulivyochoma matumbawe, wakafinyanga sura nzima kwa lipu na kuzipaka rangi. Mvua imekula nyingi. Lakini Copán, ndani ya piramidi, mwaka 1989 lilipatikana hekalu zima, wameliita Rosalila, bado lina wekundu wake. Desturi ilikuwa kubomoa la zamani na kujenga juu yake. Hili walilivika lipu nyeupe nene, kama sanda, ndipo wakalifukia. Makumbusho ya pale wamejenga nakala ya ukubwa uleule, na rangi zote. Anza hapo, ndipo uingie handakini, ndani ya piramidi, kuona lenyewe.

Mwashi wa Pwani: Copán basi. Kipimamaji nisamehe. Mzee, mimi ni mrefu, handakini nitapita?

Mzee Chokaa: Utainama, mwanangu.