Niliajiriwa kuandika programu, sasa mimi ndiye fundi wa kila kitu. Nifanyeje?

KijanaWaBuguruni:
Wakuu, habari za jioni. Nina mwaka na miezi minne kwenye kampuni ndogo Kariakoo, tuko watu saba. Tunauza mfumo wa mauzo na stoo kwa wenye maduka. Barua ya ajira inasema "mtengeneza programu". Jumatatu saa mbili nimekaa nianze ripoti ya stoo, saa tatu bosi ananiambia mfumo wa mteja Mtaa wa Congo umekufa, kimbia. Nafika, risiti zinatoka nyeupe pee. Karatasi wameipachika kinyume! (Roli zile zina dawa upande mmoja tu. Kwaruza kwa ukucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio unaotakiwa kuelekea kichwa cha printa.) Nikageuza, mwenye duka akaninunulia soda. Kurudi ofisini, nibane waya za mtandao za mteja mpya, jioni nimfundishe karani wake kuingiza bidhaa. Leo Alhamisi, ripoti iko palepale. Nidai cheo, au nitafute kampuni kubwa nitulie na kazi moja?

mkwaju_mchungu:
Toka hapo mkuu. "Sisi ni familia" huwa inaisha tarehe ya mshahara.

Nyamagana_77:
Dogo, karibu chamani. Mimi nina miaka sita ya hayo hapa Mwanza. Cheo achana nacho. Chukua daftari, mwezi mzima andika kila ulichofanya na dakika zake, halafu ndipo ukae na bosi. La kwangu lilionyesha nusu ya siku zangu zinaliwa na simu za wateja walewale wanne. Akaajiri binti wa kupokea simu. Mshahara hakugusa, ila asubuhi zangu nilizipata.

binti_hesabu:
Mimi ni mhasibu, kompyuta si fani yangu. Kijana wa ofisini kwetu alilalamika hivihivi. Kwenye VAT alikuwa anachukua asilimia 18 ya bei ya kuuzia, bidhaa ya 11,800 mfumo unasema kodi ni 2,124. Nikamvutia kiti: kaka, bei hiyo kodi imo ndani tayari, gawa kwa 118, zidisha kwa 18, ni 1,800. Tulikuwa tunakaa meza moja, ndiyo maana nililiona. Angekuwa amejifungia ghorofa ya tisa na wenzake, lingefika kwa wateja hivyohivyo. Ila kubana waya, hapo niko upande wako, mafundi wake wapo.

KijanaWaBuguruni:
Asanteni sana. Dada binti_hesabu umenishtua, jana usiku nimefungua mfumo wetu kuangalia hiyo VAT. Iko sawa, nimelala. Na daftari nimeanza nalo leo Ijumaa. Mstari wa kwanza: "Saa 2:10, kutafuta rimoti ya kiyoyozi cha bosi, dakika 25."