YAYA MWENYE CHAKI??? Huyu direkta sasa amezidi!

Chaki_Tatu (mwenye uzi):
Simtaji, wote mnamjua. Yule mwenye nasari ya geti la rangi nne na bata wa ukutani aliyechorwa akatoka mbuzi. Leo asubuhi, mbele ya wazazi, mbele ya walimu wapya ambao hata mikoba hawajaitua, kafungua kinywa: "Mwalimu wa beibi klasi ni yaya mwenye chaki tu." Watu wakacheka! Hata mpika uji akacheka, na uji wake ukichungulia kikombeni unaona mpaka Kenya.

Yaya mwenye chaki. Haya bwana, mwambie yaya wako akueleze kwa nini mtoto wa miaka mitatu hapewi penseli. Mifupa mingi ya kifundo cha mkono bado ni gegedu! Anaanza na kufinyanga, kurarua karatasi, kuokota vizibo vya soda kwa vidole viwili, kuchora mchangani, kisha krayoni nene. Penseli inangoja. Ukimrukisha hapo anaikamata kwa ngumi, na kuifungua ngumi hiyo akifika topu klasi, darasa la mwisho la nasari, utatoka jasho muhula mzima.

Unga wa kufinyanga: ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta vijiko 2, maji kidogokidogo yasizidi kikombe. Ukibania chumvi, haukawii kuota ukungu. Ukimwaga maji yote mara moja, unanata hadi kwenye nywele. Na mheshimiwa anatoa kikombe kimoja cha unga kwa watoto 60! Hiyo ni chapati moja, tena nyembamba.

YAYA! MWENYE! CHAKI! Na chaki zenyewe anahesabu, vipande vitatu kwa wiki.

Choo: kabla ya uji, baada ya uji, kabla ya kulala. Usingoje waombe. Mtoto wa beibi akisema "mwalimu, mkojo", hiyo ni habari ya jana.

Mwiko_wa_Posho:
Uzi mrefu kama foleni ya malori Malaba, hoja ni moja: umeitwa yaya. Yaya wa Kololo, kwa matajiri wa Kampala, anakuzidi mshahara. Sema asante.

Mwalimu_wa_Mido:
Mnaoanza kazi mnakubali ya mdomo, ndiyo maana mnatukanwa. Sheria ya ajira ya hapa Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti kwa maandishi ndani ya wiki 12. Muda wa majaribio haupiti miezi 6 bila wewe kukubali kuongezewa, na majaribio si kazi ya bure. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5 ya mshahara kutoka kwako na 10 kutoka kwake, hata mkiwa walimu wawili tu, tangu marekebisho ya 2022. Huyo wa bata 5 anakata vizuri sana. Muulizeni 10 zake zinalala wapi.

Digrii_Iko_Njiani:
Yaya angalau hadaiwi digrii. Sera ya walimu ya 2019 inaitaka mpaka nasari, na nasari zenyewe sheria ya elimu ya 2008 imeziachia watu binafsi. Yaani digrii ya kulipwa na bata.

Mzazi_Koboko:
Nanyi na orodha zenu? Karatasi za choo roli 10, fagio 2, rimu 1, sabuni. Roli kumi kwa mtoto mmoja! Anafungia majeruhi wa vita?

Chaki_Tatu:
Rimu ni ya kazi za watoto. Turudi kwa yaya mwenye

Mwiko_wa_Posho:
Rimu ni ya mitihani. Beibi klasi, wa 43 kati ya 60. Amefeli nini, kula uji?

Mwalimu_wa_Mido:
Mitihani mnaitaka nyinyi wazazi. Mwongozo wa nasari wa 2005 unasema mtoto ajifunze kwa kucheza, kwa lugha ya nyumbani kwao. Mzazi anakuja Jumatatu, anataka Kiingereza Ijumaa.

Mzazi_Koboko:
Nimelipia Kiingereza.

Gunia_Tupu:
Samahani kuingilia. Chati za manila zinachanika muhula haujafika katikati. Tumieni gunia la sukari, lile la plastiki ya kufuma. Osha, pasua ubavuni, nyoosha, andika kwa maka isiyofutika. Ile ya ubao mweupe mkono mmoja wa mtoto unaifuta. Tundika kama mita moja kutoka chini, kwenye macho ya mtoto, si yako. Huko Busia gunia tupu ni bei gani?

Mwiko_wa_Posho:
Siafu je?

Gunia_Tupu:
Nimesema OSHA.

Chaki_Tatu:
Jamani, mbele ya wazazi! Yaya mwenye chaki!

Digrii_Iko_Njiani:
Gunia la kilo 50 au la 25?