MREJESHO: Ile fomu ya chuo iliyogoma imepita, ila jina bado

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule niliyeomba msaada juzi, fomu ya maombi ya chuo ya mdogo wangu ukibonyeza tuma inaandika tu "taarifa si sahihi" halafu inafuta kila kitu unaanza upya.

Asanteni sana jamani. Aliyesema nitoe vistari kwenye namba ya NIDA Mungu ambariki, mi nilikuwa naijaza kama ilivyo kwenye kitambulisho kumbe wanataka tarakimu 20 zimeshikana na hawajaandika popote, hapo tu zimeenda siku mbili na nauli za Uyole mpaka Mwanjelwa steshenari. Na ule ushauri wa kuandika maelezo pembeni kwanza ndo nihamishie kwenye fomu umeniokoa, maana ilifuta tena mara tatu.

Kilichogoma ni jina. Ukoo wetu una ng', fomu haitaki kabisa ile alama ya juu. Nikajaribu kwa kompyuta badala ya simu kama mlivyosema, ikakataa vilevile, mwisho nikaandika bila alama ikapita na namba ya malipo ikaja. Sasa jina halifanani na cheti cha fomu foo. Nimepiga simu, wamesema siku ya usajili aende na barua na cheti orijino. Inaniuma kweli, majina yenye ng' huku Mbeya ni kibao, wote hao watahangaika hivi?

Akisharipoti nitawaambia kama barua imekubaliwa.