Galaksi za mbali za darubini ya James Webb: umbali wake huthibitishwaje?

Mwalimu_Kibirizi (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na pamoja na wanafunzi wangu nafuatilia matokeo ya darubini ya James Webb tangu picha zake za kwanza zilipotolewa Julai 2022. Jambo moja linatutatiza. Mwaka huohuo galaksi iitwayo CEERS-93316 ilikadiriwa kuwa mwanga wake uliondoka takriban miaka milioni 250 tu baada ya Mlipuko Mkuu (Big Bang) ulioanzisha ulimwengu, lakini mwaka 2023 ikabainika kuwa iko karibu zaidi kwa kiasi kikubwa. Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Kibirizi, unaona taa za wavuvi wa dagaa ziwani, ila kwa macho huwezi kujua ipi ni hafifu na iko karibu, ipi ni kali na iko mbali. Ikiwa galaksi hizi pichani ni vidoa vyekundu tu, kipimo cha umbali kinatoka wapi, na kwa nini wanafunzi wangu waamini tangazo lijalo?

Nyota_za_Unyanyembe (Tabora)

Mwalimu, kukadiria ni kitu kimoja na kupima ni kingine. Picha hupigwa kupitia vichujio, kila kimoja kikipitisha sehemu yake ya mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Gesi ya haidrojeni iliyojaa katika ulimwengu wa awali hunyonya karibu mwanga wote wenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 121.6, na kwa kuwa ulimwengu umekuwa ukipanuka muda wote mwanga ulipokuwa safarini, ukingo huo nao umevutwa hadi ukaingia katika infraredi. Galaksi inayoonekana kwenye kichujio cha mikromita 2 lakini ikatoweka kwenye kile cha mikromita 1.5 hushukiwa kuwa ya mbali sana. Hushukiwa tu. CEERS-93316 ilikuwa na vumbi, na mwanga mkali wa oksijeni na haidrojeni ukaangukia ndani ya vichujio vichache, hivyo rangi zake zikafanana na za galaksi ya mbali. Chombo cha NIRSpec cha darubini hiyo kilipoutawanya mwanga huo kuwa wigo, yaani kuupanga kwa urefu wa wimbi, ilidhihirika kuwa uliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.2 hivi.

Binti_wa_Ujiji (Kigoma)

Mwalimu, shikamoo. Naomba niongeze mfano wa galaksi ya JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa Mei 2024. Kwenye grafu ya wigo wake, mstari unatambaa karibu na sifuri hadi takriban mikromita 1.86, kisha unapanda ghafla. Darubini ya Hubble, ambayo haioni zaidi ya mikromita 1.7 hivi, isingeweza kuiona. Wanafunzi wako wakigawanya 1.86 kwa 0.1216 (zile nanomita 121.6 kwa mikromita) watapata takriban 15.3, wakitoa 1, watapata 14.3, ambao ndio mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi mwanga ulivyovutwa safarini) uliotangazwa, sawa na miaka milioni 290 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Mwaka 2025 ALMA, mtambo wa antena ulioko Chile, uligundua oksijeni katika galaksi hiyo, na kipimo kikasogea hadi 14.18, kwa kuwa haidrojeni iliyo karibu na galaksi huufifisha ule ukingo, ilhali mstari wa oksijeni, yaani mwanga inaoutoa kwenye urefu mmoja wa wimbi, huwa mwembamba na dhahiri. Kwangu mimi hapo ndipo imani inapojengeka: mitambo miwili tofauti, alama mbili tofauti, na majibu yaliyokaribiana kiasi hicho.

Mwalimu_Kibirizi (Kigoma)

Marahaba, binti. Nawashukuru nyote wawili kwa dhati. Hesabu hiyo naipeleka darasani. Je, data zenyewe hupatikana bila malipo?

Nyota_za_Unyanyembe (Tabora)

Ndiyo, Mwalimu. Zimo katika hifadhi ya Space Telescope Science Institute, iliyoko Baltimore, Marekani. Baadhi hufunguliwa papo hapo, nyingine hutengwa kwa walioomba uchunguzi kwa muda usiozidi mwaka mmoja kwa kawaida. Taasisi hiyo huchapisha pia ratiba ya kila wiki ya darubini. Tangazo jipya likitoka, tazameni kwanza kama wigo umepimwa. Ikiwa ni picha za vichujio pekee, liandikeni daftarini kama kadirio na msubiri.